UZI: Mshono ukiishia shingoni, ndiyo lazima chupa iwe ya kabla ya 1904?

#1 Msakachupa

Wakuu, habari zenu.

Kuna kanuni nimeishika tangu siku ya kwanza nilipoanza kukusanya chupa za kale. Aliyenifundisha aliniambia niangalie mshono wa kalibu ubavuni, yaani mstari unaoachwa na chombo cha kuumbia kioo. Ukipanda moja kwa moja hadi ukaukata mdomo, chupa imetoka kwenye mashine. Ukiishia shingoni, imepulizwa na fundi kwa pumzi yake, kwa hiyo ni ya kabla ya mashine ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, aliyepata hataza mwaka 1904. Na kadiri mshono unavyoishia chini ndivyo chupa inavyozidi ukongwe: begani ni kabla ya 1860, katikati ya shingo ni 1860 hadi 1880, karibu na mdomo ni 1880 hadi 1900.

Sasa nimepata chupa inayonikosesha usingizi. Ni ya dawa, ya pembe nne zilizofyekwa kidogo, urefu sentimita 15. Haina neno hata moja, ila kitakoni pana namba 7 iliyoinuka na duara moja. Rangi yake ni zambarau hafifu, kama maji yaliyodondoshewa tone la wino. Mishono iko pande mbili na yote inafifia kama sentimita moja chini ya mdomo.

Kwa kanuni yangu hapo ningesema 1880 hadi 1900 na kulala. Lakini imesimama wima mno, unene wake uko sawa kila upande, na nimetafuta viputo vya hewa kwa lenzi nikaona kimoja tu. Mkono wangu unakataa. Ninyi mnasemaje?

#2 Kizibo Kikuu

Mkuu, usijisumbue. Kanuni ni hiyohiyo, tumeitumia wote. Mshono haujavuka mdomo, basi imepulizwa. Andika 1890 na kitu. Chupa nzuri hongera.

#3 FundiTanuru

Naomba niwapinge wote wawili kwa heshima.

Hiyo kanuni ya kupima umri kwa urefu wa mshono, kama mtu anayesoma kipimajoto, imeenea sana na ina kasoro kubwa. Tuelewe kwanza kwa nini mshono unapotea. Kalibu la vipande viwili linaacha mstari pale vipande vinapokutana. Fundi akishatoa chupa kalibuni na kuikata kutoka kwenye bomba la kupulizia, mdomo unakuwa na ukingo mbichi. Anaurudisha motoni mpaka ulainike, kisha anaingiza chombo cha kuundia mdomo: kijiti cha katikati kinazama ndani ya shingo, mataya mawili yanabana kwa nje, na chombo kinazungushwa. Mzunguko huo ndio unaofuta mshono.

Kwa hiyo mshono unaishia pale moto na chombo vilipofika. Fundi aliyepasha shingo kwa muda mrefu alifuta sentimita tatu, na jirani yake mwenye haraka alifuta nusu sentimita. Wote wawili siku moja, tanuru moja, mwaka mmoja. Urefu wa mshono unakuonyesha mkono wa fundi. Kalenda haimo.

Msakachupa, chukua lenzi uangalie sehemu ile mshono unapofia. Je, kuna mistari myembamba inayozunguka shingo kwa mlalo, kama mistari inayobaki kwenye udongo wa mfinyanzi? Hiyo ndiyo alama ya chombo.

#4 Bi Gololi

Nakubaliana na Fundi na ninaongeza. Hata nusu ya kwanza ya kanuni, ile ya "mshono ukifika juu ni mashine", inaanguka mapema. Chukua zile chupa za mdomo mpana za kuhifadhia matunda, za hataza ya John Landis Mason. Nyingi za zamani zina mshono unaopanda hadi ukingoni kabisa, na zimepulizwa kwa mdomo. Ukitaka kujua pitisha kidole juu ya ukingo: unakwaruza kama msasa. Ziada ya kioo ya juu ilivunjwa, halafu ukingo ukasagwa kwenye jiwe. Hakuna aliyeupasha moto tena, basi mshono umebaki ulivyo. Za mashine ukingo wake ni laini.

Kidole kinasoma kuliko jicho hapo.

#5 Mlinzi wa Rafu

Bi Gololi umenigusa penyewe. Ninayo moja ya hizo, ya rangi ya kijani-buluu, na imeandikwa kwa herufi zilizoinuka MASON'S PATENT NOV 30TH 1858. Ina maana ni ya 1858! Sijawahi kuwa na kitu kikongwe kama hicho. Ukingo wake ni laini kabisa lakini.

#6 Bi Gololi

Ndugu yangu, pole, nakuvunja moyo mapema kabla hujawaalika watu kuja kuitazama. Tarehe 30 Novemba 1858 ni siku Mason alipopewa hataza. Maneno hayo yaliendelea kuwekwa kwenye kalibu za viwanda vingi kwa miaka mingi sana, hadi ndani ya karne ya 20, wakati hataza yenyewe ilishakwisha muda wake. Ukingo laini unakwambia yako ni ya mashine, kwa hiyo inaelekea kuwa ya mwishoni mwa miaka ya 1890 au baadaye.

Tena geuza kitako. Ukikuta namba, ni namba ya kalibu tu. Watu wanapenda kusema yenye 13 ni adimu kwa sababu watu waliiogopa wakazivunja. Kiwanda kilikuwa na kalibu namba 13 kama kilivyokuwa na namba 12.

#7 Mlinzi wa Rafu

Yangu ni 5. Nimeshusha pumzi na nimeumia kwa pamoja. Asante.

#8 Chupa Tupu

Mlinzi usiumie, mimi nilidanganywa na Krismasi. Nilipata chupa ya Coca-Cola ya kiuno imeandikwa tarehe 25 Desemba 1923. Nikaiweka mbele ya zote. Baadaye nikaja kuelewa kwamba umbo lile lilipewa hataza ya kwanza Novemba 1915, lilibuniwa kwenye kiwanda cha Root Glass kule Terre Haute, Indiana, na ile ya siku ya Krismasi 1923 ni hataza ya pili. Chupa zenye tarehe hiyo ziliendelea kutoka viwandani mpaka miaka ya mwisho ya 1930.

Kwa hiyo tarehe ya hataza inakupa sakafu tu. Chupa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, ila inaweza kuwa ya baadaye kwa miaka mingi.

#9 Kizibo Kikuu

Nakubali nimekosea kwenye #2. Sasa nauliza kwa dhati: kama mshono haufai, tarehe haifai, namba haifai, tunashika nini?

#10 Lenzi Kumi

Tunashika kufungia. Mimi huanzia mdomoni kila mara, kwa sababu namna ya kufunga chupa ina wenyewe na ina miaka yake. Kizibo cha bati chenye meno tunachokijua wote ni hataza ya William Painter wa Baltimore, 1892. Ukiona mdomo uliotengenezwa kwa kizibo hicho, hauwezi kuwa wa 1880. Waya wa kubana vile vizibo vya kuinua na kushusha ni wa Charles de Quillfeldt, 1875. Ule wa waya wa pete unaosukumwa ndani ya shingo ni wa Charles Hutchinson wa Chicago, 1879. Chupa ya gololi ni ya Mwingereza Hiram Codd, miaka ya mwanzo ya 1870.

Hapo tena ni sakafu tu, kama alivyosema Chupa Tupu. Lakini sakafu nne ukizipanga unaanza kuona chumba.

#11 Bi Gololi

Jina langu limetajwa siwezi kunyamaza.

Chupa ya Codd ni fundisho zuri. Gololi ya kioo iko ndani, shingo imebanwa chini yake isidondoke hadi kitakoni, na juu kuna pete ya mpira. Kinywaji chenye gesi kinaisukuma gololi juu ikaziba yenyewe. Ukitaka kunywa unaisukuma chini. Nzima zimekuwa chache kwa sababu watoto walizivunja wapate gololi, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Onyo kwa wageni: usione gololi ukasema karne ya 19. Japani wanauza soda ya ramune kwenye chupa za aina hiyo mpaka leo, na India wanayo wanaiita goli, jina ambalo limetusogelea kabisa. Ninazo zote mbili rafuni kando ya ile ya Yorkshire, na mtu asiyezoea hawezi kuzitofautisha kwa umbo peke yake.

#12 Msakachupa

Wakuu mmenipa kazi na nimeifanya. Majibu kwa FundiTanuru:

Mistari ya mlalo ipo. Lakini ipo upande mmoja wa shingo tu! Upande wa pili mshono unafifia taratibu bila mistari yoyote, kama uliyeyuka. Nimeangalia mchana dirishani, nimeangalia usiku kwa tochi kutoka pembeni. Ni hivyohivyo.

Duara la kitakoni: kipenyo kama sentimita mbili na nusu, halijakaa katikati kabisa, limesogea upande mmoja. Ukingo wake ni laini, haujachanikachanika. Namba 7 iko ndani yake.

#13 FundiTanuru

Hii imekuwa tamu.

Kufifia bila mistari ni jambo linalonitia wasiwasi. Kuna chupa za mashine ambazo mdomo wake ulipitishwa motoni baada ya kutoka, ili kulainisha ukingo. Moto ule unaweza kuyeyusha mshono wa juu usionekane. Mtu anaangalia, haoni mshono mdomoni, anaandika "imepulizwa", kumbe ni mashine iliyosafishwa uso. Tofauti ni hiyo mistari ya mlalo: chombo kinachora, moto hauchori.

Wewe unayo nusu kwa nusu. Sijawahi kuiona hiyo.

#14 Lenzi Kumi

Mimi naliangalia zaidi hilo duara. Kuna maduara manne yanayochanganywa kila siku:

Kovu la Owens. Mashine yake ilifyonza kioo kutoka kwenye chungu cha tanuru, kisha kisu kikakata chini. Kovu lake ni pana, halijakaa sawa, lina kingo za manyoyamanyoya, na mara nyingine linapanda hadi ukingo wa kitako. Kwa maelezo yako, silo.

La vali. Ni dogo, duara kamili, limedidimia kidogo. Linapatikana zaidi kwenye chupa za maziwa na za mdomo mpana, ambazo kioo kilikandamizwa kwanza halafu kikapulizwa. Yako ina shingo nyembamba, kwa hiyo nalo nalitoa.

La kalibu lenye kitako cha nguzo. Hapo mishono ya ubavuni inapita chini ya ukingo wa kitako na kulikuta duara. Hii ni ya kupulizwa kwa pumzi.

La bamba lililofunika kalibu la kwanza katika mashine za kupuliza mara mbili. Ni laini, na mara nyingi limesogea pembeni.

Msakachupa, mishono yako inalifikia duara au inaishia kwenye ukingo wa kitako?

#15 Jalalani Daima

Ngoja, kabla hajajibu. Mmesahau rangi. Kasema zambarau. Hiyo inamaliza mjadala: kioo cha zambarau ni kile kilichowekewa manganizi ili kisiwe kijani kwa sababu ya chuma kilichomo mchangani, halafu jua likakigeuza kwa miaka mingi. Viwanda vya Marekani viliitumia hasa miaka ya 1880 hadi karibu 1920, vita ya kwanza ya dunia ikakata manganizi ya Ujerumani, wakahamia seleni, kemikali nyingine ya kuondoa rangi. Basi chupa ni ya kabla ya 1920.

#16 Mama Kobalti

Jalalani, ya kwanza kuhusu manganizi uko sahihi. Ya pili ya vita inarudiwa mno na inanichosha. Manganizi haikuwa ya Ujerumani peke yake. Kilichoisukuma nje ni zaidi mashine zenyewe na matanuru makubwa ya mfululizo, ambamo seleni na aseniki zilikuwa rahisi kuzidhibiti. Kwa hiyo mabadiliko yalikuja polepole, kiwanda kwa kiwanda. Seleni nayo inaacha dalili yake: kioo kinaelekea kuwa na rangi ya majani makavu.

Na sasa jambo linaloniuma. Zambarau inaweza kutengenezwa leo kwa mionzi. Miaka kadhaa nyuma nilinunua chupa ya zambarau iliyokolea kama bilinganya, nikaiheshimu, nikaipa nafasi ya peke yake. Baadaye mtu mwenye uzoefu akanionyesha kwamba jua halifiki huko. Jua linatoa kivuli cha zambarau kilicho hafifu. Iliyokolea hivyo imepitishwa kwenye mionzi na mtu aliyetaka ipendeze. Chupa ilikuwa ya kale kweli, ila rangi ile haikuwa yake, na haina njia ya kuiondoa isipokuwa kuipasha joto kali ambalo sitaijaribia. Mpaka leo nikiitazama najisikia vibaya kwa niaba yake.

Ya Msakachupa kama ni tone la wino kwenye maji, inaelekea kuwa ya jua. Lakini hata hiyo inasema kuna manganizi tu. Mwaka haisemi.

#17 Jalalani Daima

Pole mama. Nimejifunza. Lakini nabaki kwenye kabla ya 1920 kwa sababu nyingi ziko hapo.

#18 Chupa Tupu

Nami naleta hoja ambayo hamjaigusa: ni nakala. Miaka ya 1960 na 1970 kiwanda cha Wheaton cha Millville, New Jersey, kilitoa chupa nyingi za mfano wa zile za zamani, zikiwemo za zambarau. Nyingi zake zina jina la kiwanda kitakoni na maandishi ya mbwembwe ubavuni, kwa hiyo yako tupu isiyo na neno siyo ya kundi hilo. Ila kuna za wengine zisizo na jina.

Angalia michubuko ya kitako. Chupa iliyoishi miaka mia imesukumwa kwenye rafu, imewekwa na kuondolewa maelfu ya mara. Ukingo wa kitako unakuwa na mikwaruzo midogo inayoelekea kila upande, na imekolea pale tu chupa inapogusa meza. Mikwaruzo iliyotengenezwa kwa msasa inaelekea upande mmoja na inafika hata mahali ambapo meza haifiki.

#19 Mlinzi wa Rafu

Chupa Tupu na kama imesafishwa kwa mashine ya kuzungusha yenye vipande vya shaba na unga wa kung'arishia? Mikwaruzo hiyo haitakuwepo tena.

#20 Chupa Tupu

Kweli, hiyo inafuta kila kitu. Ndiyo sababu mimi nawasihi watu wasiwe na haraka ya kung'arisha. Ukungu wa kioo unaoonekana kama maziwa ndani ya chupa zilizozikwa ni magadi ya kioo yamenyonywa na maji ya udongo. Siyo uthibitisho wa umri peke yake, chupa ya miaka 60 kwenye udongo mbaya inaweza kuwa nao. Lakini ukiuondoa, umeondoa ushahidi.

#21 Bi Gololi

Na karatasi! Jamani karatasi. Kama kuna kipande cha lebo kimebaki, hata cha ukubwa wa ukucha, usikiloweshe. Niliwahi kuitumbukiza chupa ya dawa kwenye maji ya vuguvugu ili niisafishe, nikaona karatasi inaelea na herufi zinayeyuka mbele ya macho yangu. Nilichowahi kusoma ni "Guaranteed under the" basi. Kwa aliye kwenye kazi hii maneno yale yangetosha: yanahusu sheria ya Marekani ya vyakula na dawa ya tarehe 30 Juni 1906, na viwanda viliacha kuyaandika kufikia 1919. Nilikuwa na dirisha la miaka 13 mkononi nikaliosha.

#22 Mama Kobalti

Nimesikia uchungu mpaka huku.

#23 Kizibo Kikuu

Sheria ni njia nzuri kweli, nisaidieni kuziongeza. Ninazo chupa mbili za pombe kali zenye maneno ya sheria ya serikali kuu ya Marekani kukataza kuuza au kutumia tena chupa. Hayo nilisoma ni ya 1935 hadi 1964. Sahihi?

#24 Lenzi Kumi

Sahihi, 1935 hadi 1964. Nyingine: sheria ya 1913 iliyotaka kiasi cha kilichomo kitajwe kwenye kifungashio. Kioo chenye ujazo ulioandikwa kwa mkazo huwa kinaelekea baada ya hapo, ingawa kuna walioandika mapema kwa hiari.

Za Uingereza zenye Rd No, yaani namba ya kuandikishwa kwa umbo, ni mlolongo ulioanza Januari 1884 kwa namba 1, na kufikia 1900 ulikuwa umeshapita 350,000. Lakini kumbukeni hadithi ya Mason: inahusu siku umbo lilipoandikishwa.

#25 Jalalani Daima

Na kama kitako kina almasi yenye O na I ndani yake, ni Owens-Illinois, kampuni iliyoungana 1929. Upande wa kushoto ni namba ya kiwanda, kulia ni mwaka. Yangu ina 4 kulia. Nimeandika 1934.

#26 FundiTanuru

Au 1944. Tarakimu moja ndiyo mtego. Angalia kama kuna neno Duraglas kwa mwandiko wa kuunganisha, au kama kitako kina vijinundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Vyote viwili vilianza 1940. Vikiwepo, ni 1944.

#27 Jalalani Daima

Vijinundu vipo. Nimefuta lebo yangu naandika upya. Asante Fundi, miaka kumi imeyeyuka kwa sekunde mbili.

#28 Shingo Ndefu

Wakuu nimechelewa, nimesoma uzi wote. Mimi naona mmemkimbiza sana mleta mada kwa upande wa mashine. Kuna aina ya chupa ambazo hazina mshono kabisa na zilitoka kalibuni: fundi alizungusha chupa ndani ya kalibu lililopakwa utomvu, mshono ukafutika wote, ikabaki mistari myembamba ya mlalo kuzunguka mwili mzima. Watu wanaziita za kupulizwa bila kalibu na kuzirudisha nyuma miaka mia. Ninachosema ni kwamba mafundi wa mkono walikuwa na ustadi mkubwa kuliko tunavyowapa. Chupa iliyonyooka na yenye unene sawa haimaanishi mashine. Fundi wa mwaka 1905 mwenye kalibu zuri la chuma lenye matundu ya kutolea hewa alitoa chupa safi kabisa.

Na zile zenye uso wa mawimbi kama umechongwa kwa shoka, wengi husema kalibu lilikuwa la mbao. Hapana. Ni kalibu la chuma lililokuwa bado baridi asubuhi.

#29 FundiTanuru

Shingo Ndefu, nakuunga mkono kwenye mawimbi na kwenye ustadi. Hata hivyo 1904 nayo tusiitukuze kupita kiasi kwa upande wa pili. Huko Castleford, Yorkshire, Howard Ashley alikuwa na mashine ya nusu-otomatiki tangu miaka ya 1880, na Philip Arbogast wa Pittsburgh alipata hataza ya kukandamiza na kupuliza mwaka 1882. Owens alileta ile inayofanya yote yenyewe. Na baada yake chupa ndogo za dawa ziliendelea kupulizwa kwa pumzi kwa zaidi ya miaka kumi, kwa sababu maagizo madogo hayakustahili gharama ya mashine. Kwa hiyo kipindi cha kuchanganyikana ni kirefu, na chupa yako imekaa katikati yake.

#30 Msakachupa

Samahani kwa kuchelewa. Nimeamka mapema leo nikaikalia.

Kwanza, tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Gizani inang'aa kijani hafifu sana. Siyo kijani kikali cha kioo cha urani, ni kama ukungu. Kwa hiyo manganizi ipo, Mama Kobalti na Jalalani wote wamepata.

Pili, kitako. Mikwaruzo ipo, inaelekea kila upande, na imo kwenye ukingo tu. Nafikiri nakala tuiondoe.

Tatu, swali la Lenzi Kumi. Mshono wa upande mmoja unapita ukingo wa kitako na kuligusa duara. Wa upande wa pili unaishia kwenye ukingo. Nimepaka unga wa penseli juu yake, nikafuta taratibu kwa kidole, mstari ukajitokeza vizuri. Unagusa. Mmoja unagusa na mwingine haugusi.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niwaandikie kabla ya chai. Kuna mstari mwingine. Ni hafifu mno, nimeuona kwa kuigeuza tu chupa taa ikiwa nyuma yake. Unaanzia begani, unateremka ubavuni ukipinda kama nywele iliyolowa, na unapotea katikati ya mwili. Haukutani na mshono wa kalibu popote.

#31 FundiTanuru

Huo ndio! Huo ni mshono mzuka. Kwenye mashine, kioo kinaumbwa kwanza kwenye kalibu dogo la mwanzo, ndipo kinahamishiwa kwenye la mwisho. Mshono wa kalibu dogo unabaki, unavutwa na kupindishwa kioo kinapotanuka. Chupa ya kupulizwa kwa pumzi haina kalibu la pili, kwa hiyo haina mzuka. Kwangu mimi ni mashine, na duara ni la bamba. Mdomo umepitishwa motoni.

#32 Shingo Ndefu

Na mistari ya mlalo ya upande mmoja ameichora nani, mzuka?

Mimi nasema huo ni mkunjo. Kioo kilichopoa kidogo kwenye bomba kikikunjana kabla ya kuingia kalibuni kinaacha mstari wa kupinda kama huo. Ninazo tatu zenye mikunjo ya aina hiyo na zote zina kovu la pontili, yaani fimbo ya chuma ambayo fundi aliishikizia kitakoni, hazijawahi kuona mashine. Tena mzuka huwa jozi, kwa sababu kalibu dogo nalo lina vipande viwili. Msakachupa, upo mmoja au miwili?

#33 Lenzi Kumi

Swali la Shingo Ndefu ndilo swali. Mzunguko wa nusu kutoka huo wa kwanza, taa nyuma, igeuze polepole.

#34 Msakachupa

Nimeigeuza mpaka mkono umechoka. Upande huo kuna kitu. Kifupi, kama sentimita mbili, karibu na bega. Kinaweza kuwa mshono, kinaweza kuwa kiputo kilichovutwa. Jua limeshapanda na mwanga haufai tena. Nitaijaribu tena alfajiri kesho na kupiga picha kwa lenzi, niwawekee hapa.